Maswali ya Redio

Nyumbani tulimwita Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna aliyewahi kuiona swichi yake ya kuzimia. Alisema akila, alisema akiwa bafuni, alisema usingizini. Mama akimtuma dukani alikuwa akimwonya, "Nenda kimya, urudi kimya," naye angerudi na habari za mtaa mzima, chumvi ameisahau. Mimi, dada yake, niliitwa Hakimu. Jina hilo alinipa yeye, siku nilipomwuliza mbele ya wenzake amejuaje kwamba mwalimu wao mpya aliwahi kuwa rubani. Hakuwa anajua. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyeambiwa. Wenzake walimcheka mpaka walipochoka, na yeye akacheka nao, kisha jioni akaja kitandani kwangu kuniuliza: sasa mtu anajuaje kama mtu anajua?

Alipokua alisomea kompyuta. Mimi niliingia kwenye mitihani. Kazi yangu ni kuyapima maswali kabla hayajamfikia mtoto, na kuyachambua majibu baada ya mtoto kujibu. Swali likikoswa na watoto wengi kupita kiasi, huwa siulizi kwanza watoto wana nini. Nauliza swali lina nini.

Programu aliyoiacha inaitwa Chujio. Inamwekea mwanafunzi kipande cha habari kwenye skrini: tangazo la dawa ya kurefusha kimo, picha ya mafuriko ambayo kumbe ni ya nchi nyingine na mwaka mwingine, ujumbe usio na mwenyewe unaosema shule zitafungwa kesho. Kisha sauti inauliza maswali manne. Nani anasema? Amejuaje? Anapata nini ukimwamini? Nani mwingine anayasema haya, bila kuyachukua kwake? Mwanafunzi anachagua jibu, na kwa swali la mwisho hapati jibu bila kwenda kutafuta kwenye vitabu na kurasa nyingine zilizomo ndani ya programu. Mtoto aliyezoea Chujio hamezi kitu bila kutafuna. Hilo nalisema kwa sababu nimelipima.

Aliitoa kama programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yote yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu. Shule yoyote inaweza kuichukua bure, kuifungua ione inavyofanya kazi, kuibadili na kuwapa wengine, bila kumwomba mtu ruhusa. Kwenye ukurasa wake wa kwanza aliandika: "Umeona kosa? Basi ni lako. Lirekebishe." Marekebisho hupendekezwa kwa mtunzaji wa programu, na mtunzaji akiyakubali ndipo yanapoingia kwenye nakala inayokwenda shuleni. Mtunzaji alikuwa yeye. Alipofariki, nikawa mimi. Mwalimu wa kompyuta wa shule ya mtaani kwetu alinisaidia kwa yale nisiyoyajua, ambayo yalikuwa karibu yote.

Maswali yale manne hayaandikwi kwenye skrini. Redio alifanya hivyo kwa makusudi. Watoto wengi husoma kwa kujikokota, na alitaka kupima wanavyofikiri, si wanavyosoma. Kwa hiyo maswali husemwa tu. Kompyuta ya mwalimu imeunganishwa na spika moja inayowekwa juu ya kabati; sauti inauliza, darasa zima linasikia, kila mtoto anajibu kwenye mashine yake.

Alipofika kwenye kurekodi alikuwa ameshafanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa kwenye ulimi, na madaktari waliuondoa pamoja na sehemu kubwa ya ulimi wenyewe. Hakuwa na mke. Tulimwuguza mama na mimi, katika chumba chake cha nyuma chenye dirisha moja. Mwanzoni, akisema, nilikuwa nikimtazama mdomo. Baada ya muda nikaacha kumtazama, nikawa namsikia tu, hata akiwa chumba cha pili. Mama hakuhitaji hata huo mwanzo. Alimwelewa tangu siku aliyofunguliwa bendeji, kama alivyomwelewa alipokuwa anatambaa.

Nilimshauri tumtafute mtu wa kusoma maswali.

"Redio gani hiyo inayokodi mdomo?" akaniambia, na tukacheka wote watatu, ingawa kucheka kulimwuma.

Alitundika blanketi dirishani kuzuia kelele za barabarani, akafunga mlango, akarekodi. Alitoka akiwa amelowa jasho shingoni. Alifariki shule ya kwanza ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza kuitumia. Hakuwahi kusikia darasa likimjibu.

Mama ni mshonaji. Baada ya mazishi alizishonea kompyuta zote za shule ile vifuniko vya kuzikinga na vumbi. Vilipokwisha akasema vingine vimebana, akavirudisha kuvirekebisha palepale darasani. Tangu hapo kila Ijumaa, siku ya kipindi cha Chujio, alikuwa na kiti chake cha plastiki karibu na mlango. Mimi nikiwa kazini nilijua yuko wapi. "Nimekwenda kumsikiliza," angesema jioni, na sikuona ubaya wowote.

*

Kamati iliyokuwa na uamuzi ilikutana kwenye ukumbi mdogo wa ofisi ya elimu, chumba chenye meza ndefu iliyobanduka pembeni na feni iliyozungusha joto lilelile. Shule sita zilikuwa zimeijaribu Chujio. Sasa kamati ilitakiwa kuchagua: ama Chujio iingie katika shule zote, ama shule zinunue programu ya kampuni fulani. Kampuni ilimtuma kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri, akimtabasamia kila mtu kana kwamba wote ni wakwe zake.

Nilimwuliza swali moja. "Programu yenu inamwambia mtoto kwamba habari hii ni ya kuaminika na ile siyo. Inaamuaje?"

"Kitaalamu, mama, kuna mfumo maalumu ndani."

"Naweza kuuona?"

"Aa, huo ni mali ya kampuni."

"Na tukiona imekosea?"

"Mnatuandikia, mama. Tunalifanyia kazi."

"Kwa hiyo mnamfundisha mtoto asimwamini mtu asiyesema amejuaje, na mnaomfundisha hamsemi mmejuaje."

Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ndogo, alikohoa. Niliona mabega yake, nikajua ni kicheko.

"Lakini yetu inasikika," kijana akasema, bado anatabasamu. "Nimeambiwa ya kwenu ina matatizo ya sauti."

Aliyemwambia alikuwa amekaa upande wa pili wa meza: mwalimu wa shule ya karibu na reli, mtu mwembamba aliyeshika kalamu kama anataka kuivunja. "Mwenyekiti, nisieleweke vibaya," akasema. "Chujio naipenda. Watoto wangu wanaipenda. Ila yule anayeuliza hawamwelewi. Swali likitoka wanageukiana. Wa kucheka wanacheka, wa kubahatisha wanabahatisha."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua matokeo. Katika shule tano majibu yalikuwa yale unayoyapata kwa mtu anayejibu akiwa amefumba macho. Lakini katika shule ya mtaani kwetu, kwa sauti ileile na maswali yaleyale, zaidi ya robo tatu ya watoto walijibu sahihi. "Sauti inaeleweka," nilisema. "Inawezekana tatizo ni spika. Inawezekana ni utulivu wa madarasa."

"Madarasa yangu yametulia," akasema mwalimu wa relini.

"Sikusema hayajatulia. Nimesema inawezekana."

Mwenyekiti aliivuta kwake karatasi ya matokeo. "Dada," akaniambia, "shule moja inafaulu, tano zinaanguka. Mtaalamu wa kupima ni wewe. Kikao kijacho tuletee sababu. Ikiwa sauti inafaa, tunaichukua kama ilivyo. Ikiwa haifai, nayo utuambie."

Tulipokuwa tunatoka mwalimu wa relini alinifuata ngazini. "Kwenye ukurasa wa kwanza mmeandika, umeona kosa ni lako. Nimeliona. Nilishapendekeza sauti ibadilishwe, na nafasi ya kuiweka nimeitengeneza. Pendekezo liko kwako tangu mwezi uliopita."

"Ninalo," nilisema.

Nilikuwa nalo. Sikuwa nimelifungua.

*

Nilianza na spika. Niliibeba ya shule yetu nikaipeleka relini. Watoto wa relini hawakuelewa. Nilichukua yao nikaileta kwetu. Matokeo ya Ijumaa niliyoletewa kazini yakaonyesha watoto wetu wamejibu vizuri vilevile. Nilichunguza kama watoto wetu walikuwa wameshayaona majibu. Hawakuwa wameyaona. Nilichunguza kama walikuwa wanatazamiana. Makosa yao yalitofautiana, na watoto wanaotazamiana hukosea pamoja. Kilichobaki ni kwenda kukaa darasani, jambo nililopaswa kuanza nalo. Niliomba ruhusa kazini Ijumaa.

"Leo Hakimu mwenyewe?" mwalimu wa kompyuta akasema aliponiona. "Ningejua ningechana nywele."

Nilimwomba nibaki kwenye ujia, nje ya dirisha. Mtoto akijua anapimwa hubadilika, na mwalimu hubadilika zaidi.

Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya vumbi lililopata moto. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa utepe mweusi kando ya ukuta ili mtu asijikwae. Watoto waliingia wakimsalimia mama mmoja mmoja. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, kaa vizuri, we, hicho kiti kibovu." Alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kifuniko cha kompyuta mapajani, pini mdomoni. Mwalimu alifungua habari ya siku hiyo, tangazo la sabuni inayosafisha damu. Juu ya kabati sauti ya Redio ikauliza: Nani anasema?

Ilikuwa safi. Niliisikia neno kwa neno.

Hakuna mtoto aliyegusa kitu. Walikuwa wamegeuza vichwa, wote, na hawakuvigeuzia spika. Waliugeukia mlango.

Mama alitoa pini mdomoni. "Nani anasema?" akasema, bila kuinua macho kwenye mshono.

Vidole vikashuka kwenye vitufe.

Maswali yote manne yalikwenda hivyo. Mama hakuwapa jibu hata moja. Alirudia swali tu, polepole, kwa kupanda na kushuka kulekule kwa sauti ya Redio, hata mahali alipopumzika katikati ya swali la nne. Wala hakuwa anajificha. Alifanya kama mtu anayepokea sahani mlangoni na kuipitisha mezani.

Kipindi kilipokwisha nilimwuliza mwalimu wa kompyuta mbona hakuniambia.

Alinishangaa. "Kwani hukujua? Si Bibi ndiye spika yetu? Siku akiumwa tunafanya mazoezi ya kuchapa."

"Na wewe? Wewe unamwelewa Redio?"

"Mimi?" Alijikuna kidevu. "Mimi namsikia Bibi, dada."

Nilitoka mpaka getini. Mlinzi wa shule alikuwa mgeni, hakumjua mdogo wangu. Nilimwekea swali la kwanza kwenye simu. Alilisikiliza, akainamisha kichwa, akaomba nirudie. Nikarudia. Alinitazama kwa huruma ya mtu asiyetaka kukosea adabu.

"Samahani, mama," akasema. "Huyo ndugu amelewa?"

Nilimshukuru. Nikaliweka tena, nikalisikiliza mwenyewe huku nikijaribu kutolielewa. Sikuweza. Kila nilipofanya hivyo, Redio aliniuliza waziwazi: Nani anasema?

*

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na mimi, yeye amebeba mfuko wa vitambaa ambao hakutaka nimpokee.

"Umeniona," akasema.

"Nimekuona."

"Nilikuwa namsaidia tu. Watoto wa siku hizi hawasikilizi."

"Wanasikiliza, mama. Hawamwelewi. Hakuna anayemwelewa, ila mimi na wewe."

"Nani kasema?"

"Mlinzi wa geti."

"Mlinzi wa geti! Yule anayesinzia mchana kweupe, wezi wakimwamkia anawaitikia?" Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Alisemaje?"

"Alisema haelewi."

Tulipita kwa muuza mkaa, tukapita kwa fundi baiskeli aliyetusalimia, na mama akaitikia kwa sauti ya kawaida kabisa. Nyumbani aliweka mfuko mezani, akaketi bila kuvua viatu.

"Sasa utawaambia nini hao wakubwa zako?"

"Kwamba matokeo ya shule yetu hayafai kuwa ushahidi."

"Kwa sababu kuna kikongwe anakaa mlangoni."

"Kwa sababu kuna mtu alikuwa anarudia maswali, na mimi sikujua."

"Na usipowaambia?"

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo njiani, na mlangoni, na hata nilipokuwa bado dirishani. "Nisipowaambia, wataichukua Chujio kama ilivyo, na sauti yake itakwenda shule zote. Na shule hizo hazina wewe. Watoto watabahatisha. Baada ya mwaka watasema programu huria hazifai, wataitupa, watanunua ile nyingine."

"Mwaka mzima," mama akasema. "Mwaka mzima angekuwa anauliza."

"Bila kujibiwa, mama."

Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi.

"Sauti haitafutika," nilimwambia. "Mahali panapohifadhiwa msimbo panatunza kila kilichowahi kuwamo. Nakala ya zamani itakuwepo, na mtu yeyote anaweza kuichukua. Nitakuwekea hapa nyumbani kwenye kompyuta yake. Utaisikiliza saa yoyote unayotaka." Yote hayo yalikuwa kweli.

"Sauti yake ninayo kwenye simu," akasema. "Ananisalimia. Ananidai chai. Anamsengenya jirani. Ile sauti nzuri, ya kabla. Nikitaka kumsikia namsikia. Mimi sikuwa nakwenda kule kumsikia." Alikiweka kiatu chini, akakipanga sambamba na mguu ambao bado ulikuwa na mwenzake. "Nilikuwa nakwenda kumwona anajibiwa."

Nilikwenda jikoni nikainjika maji.

*

Niliiambia kamati jinsi ilivyokuwa. Nilieleza spika, nikaeleza mlango, nikaeleza mlinzi wa geti, ila maneno yake sikuyataja. Nilisema matokeo ya shule ya mtaani kwetu yaondolewe, na kwamba yakiondolewa sauti haifai.

"Na ni mama yako aliyekuwa akirudia?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mama yetu."

Akainamia karatasi zake. Mtu mmoja wa mwisho wa meza aliuliza kwa nini maswali yasiandikwe tu. Nilimjibu kwamba tungekuwa tunapima kusoma, na wanaosoma kwa kujikokota wangeachwa. Mwingine akauliza kama hakuna rekodi ya marehemu ya kabla ya ugonjwa. Zipo, nilisema, ila humo hakuna swali hata moja kati ya haya. Aliyatunga baadaye.

Kijana wa kampuni aliona mwanya. "Pole sana kwa familia," akasema, na nadhani alimaanisha. "Lakini naona tumekubaliana kwamba programu hii ina kasoro."

"Ina kasoro, na tunaweza kuitoa," akasema mwalimu wa relini. "Wiki hii hii. Ya kwenu ikiwa na kasoro mimi nafanya nini? Nawaandikia, halafu nanunua mto nisubiri nimelala?"

Hapo meza nzima ilicheka. Wakaamua: sauti ibadilishwe, ipimwe relini, ikifaulu Chujio iingie shule zote. Mikono ilinyooshwa yote, isipokuwa wa kijana wa kampuni, ambaye hakuwa na kura. Lilikuwa ndilo jambo ambalo Redio alilitaka kuliko yote, na mimi nililipigania tangu alipofariki. Watu walinipa mkono. Niliwapa wangu.

Mwalimu wa relini alinisubiri tena ngazini. Safari hii alikuwa ameiacha kalamu. "Nilikuwa nafikiri," akasema. "Watoto wa kwenu wameshamzoea Bibi. Kwa nini asirekodi yeye?"

Lilikuwa wazo zuri. Nililipeleka nyumbani kama mtu aliyebeba dawa.

Mama alikuwa anapiga pasi. Hakuacha. "Mimi nilikuwa nasema baada yake," akasema. "Siwezi kusema mahali pake."

"Maneno ni yaleyale, mama."

"Wewe ukisikia ni yaleyale?"

Nilichukua shati alilolimaliza, nikalikunja.

"Soma wewe," akasema. "Wewe una sauti ya chumba cha mtihani. Hata ukisema karibu chakula, mtu anatafuta kalamu."

Ulikuwa utani wa Redio huo, mama aliukumbuka mpaka mahali pa kusita. Pasi ilipita juu ya kola, ikarudi, ikapita tena.

Nilirekodi katika chumba cha nyuma. Blanketi bado lilikuwa kwenye msumari wake, kwa hiyo nililivuta tu. Ilinibidi kusikiliza rekodi zake ili nijue kila swali lina urefu gani, na kwa mara ya kwanza nilizisikiliza kama ninavyosikiliza kazi za watu wengine, nikitafuta dosari. Kabla ya kila swali kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia: alikuwa anameza mate. Ilimchukua muda, na ilisikika kwamba inauma. Ndipo anavuta pumzi, ndipo anauliza. Katika swali la nne alimeza katikati. Ile nafasi ambayo mama aliiga kwa uaminifu, nami nikadhani ni mtindo wa Redio wa kusema, ilikuwa ni mahali alipopungukiwa.

Nilisoma bila nafasi hiyo. Nilisoma kwa sauti ya chumba cha mtihani.

Kwanza nilimpelekea mlinzi wa geti. Nani anasema, simu ikamwuliza.

"Si wewe, mama?" akasema mara moja.

Relini watoto walijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Nililifungua pendekezo la yule mwalimu, nikaweka rekodi zangu kwenye nafasi aliyoitengeneza. Mfumo ulionyesha kinachoondolewa kwa rangi nyekundu na kinachoongezwa kwa kijani, kama unavyofanya hata kwa mkato uliosogezwa. Rekodi za Redio zilikuwa kwenye nyekundu, zangu kwenye kijani. Nilibofya Kubali. Ikachukua muda mfupi kuliko kumeza mate.

*

Ijumaa iliyofuata mama alisema haendi. Alisema mgongo. Nilikwenda peke yangu kuona nakala mpya inavyofanya kazi kwenye mashine za shule yetu, nikasimama nyuma ya darasa, maana hapakuwa tena na sababu ya kujificha. Kiti cha plastiki kilikuwa mahali pake. Mwalimu wa kompyuta alikitazama, akanitazama mimi, safari hii hakuwa na utani.

Watoto walikuwa wameshakaa mama alipoingia. Alikuwa na kifuniko kimoja mkononi, kile cha mashine ya mwalimu, ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. "Shikamoo Bibi," darasa likasalimia pamoja. "Marahaba." Akaketi, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake.

Habari ya siku hiyo ilikuwa picha ya simba barabarani. Juu ya kabati sauti yangu ikauliza: Nani anasema?

Mama alikuwa ameinua uso na mdomo ameufungua. Vidole vya watoto vilikuwa vimeshashuka.

Aliufunga mdomo. Swali la pili lilikuja, na tena niliiona midomo yake ikijiandaa, na tena darasa likawa limeshapita. Kwa la tatu hakujiandaa. Aliinamia mshono. Kutoka nilipokuwa niliweza kuuona mkono wake ukienda na kurudi kwa mwendo wake wa siku zote, na niliweza kuona pia kwamba sindano haikuwa na uzi.

Swali la nne ni refu. Lilipoulizwa, msichana mmoja wa mstari wa mbele, kwa mazoea tu, hakujibu. Aligeuka akatazama mlangoni, akasubiri.

Mama alimtazama. Walitazamana, wengine wote wakiwa wameinama kwenye mashine zao. Kisha mama akainua kidevu, akamwonyesha spika.

Msichana akageuka, akamwomba mwalimu alirudishe swali kwenye spika, akalisikiliza, akaenda kutafuta. Nilimwendea kwa nyuma nikasimama begani kwake mpaka alipomaliza. Alikuwa amepata.

Nilipoinua macho kumwambia mama, kiti kilikuwa kitupu, na kifuniko kilikuwa kimekunjwa juu yake.